Nasaba ya Lugha, Nasaba ya Watu

Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu nchini Uingereza, nilijipatia nauli na kodi ya chumba kwa kazi ya ukalimani. Asubuhi moja niliitwa hospitalini kumkalimania bibi mmoja mzee. Fomu niliyopewa ilisema kwamba lugha yake ni Kiswahili. Nilimtolea salamu, akaniitikia vizuri, na kwa dakika chache za mwanzo nilidhani kazi ingekuwa nyepesi. Kisha muuguzi akauliza kama alikuwa amekwisha kunywa dawa zake za asubuhi. Bibi akajibu kwa kitenzi kilichoishia na -ile. Kiambishi hicho nilikuwa nakijua: nilikisoma katika tenzi za kale za Pate na Lamu, na nilitahiniwa juu yake. Sikutarajia kukisikia kikizungumzia vidonge vya presha. Nikasita. Muuguzi aliuona ukimya wangu, akauchukua kuwa ni "hapana", akaanza kutayarisha vidonge vingine. Binti wa yule bibi, aliyeingia wakati huo huo akitoka kuegesha gari, ndiye aliyesema kwa Kiingereza: ameshakunywa, tangu saa kumi na mbili.

Bibi yule alitoka Barawa, mji wa pwani ya kusini mwa Somalia, na lugha yake ni Chimwiini. Ofisi iliyonituma haikuwa na Chimwiini katika orodha yake. Hata hivyo, fomu haikusema uongo: wanaisimu wengi huihesabu lugha hiyo miongoni mwa lahaja za kaskazini za Kiswahili, na mimi mwenyewe nimefundisha hivyo. Lakini usahihi huo wa kitaaluma ulikaribia kumpa mgonjwa dozi mbili. Tangu siku hiyo nimejiuliza swali ambalo vitabu vyangu vya isimu vilikuwa vimeliruka: orodha za lugha za ulimwengu zilipangwa na nani, na kila moja ilikusudiwa kujibu swali gani?

Hoja yangu ni fupi. Uainishaji wa lugha kwa nasaba ni mojawapo ya uvumbuzi mkubwa wa taaluma za binadamu, na hujibu swali moja tu: lugha hii na ile zilitoka wapi? Madhara huanza tunapolipa jibu hilo kazi mbili zisizo zake, yaani kutuambia wasemaji ni watu wa asili gani, na kutuamulia lugha ipi ihesabiwe kuwa ipo. Kisa cha Kiswahili na ndugu zake kinaonyesha mambo yote matatu.

Wanahistoria wa isimu huanza hadithi hii Kalkuta, mwaka 1786, pale Sir William Jones, jaji wa Kiingereza, alipowaeleza wanachama wa Jumuiya ya Asia kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana mno kiasi cha kuwa lazima vilitoka katika chimbuko moja, ambalo huenda halipo tena. Karne ya 19 iliigeuza hisia hiyo kuwa kanuni. Maneno mawili kufanana hakutoshi, kwa kuwa maneno husafiri na hata hugongana kwa bahati tu. Kinachohitajika ni tofauti zinazojirudia kwa utaratibu. Tuchukue neno letu "njaa". Waganda husema "enjala", Wanyarwanda "inzara", Washona "nzara", Wazulu "indlala". Sasa tuchukue "njia": Kinyarwanda "inzira", Kishona "nzira", Kizulu "indlela". Pale ambapo wenzetu wana l au r kati ya irabu mbili, sisi hatuna kitu. Konsonanti hiyo ilidondoka katika vinywa vya mababu wa Kiswahili, na ilidondoka kwa utaratibu. Pengo hilo ni ushahidi wenye nguvu kuliko mfanano wowote, kwa sababu hakuna anayeazima pengo.

Kwa upande wa Afrika, kazi ya kwanza kubwa ya kulinganisha lugha ilifanyika Freetown, Sierra Leone, mahali ambapo historia yenyewe ilikuwa imewakusanya wasemaji kwa nguvu. Manowari za Uingereza zilizozuia biashara ya watumwa katika Atlantiki ziliwateremsha huko maelfu ya watu waliotekwa kutoka pande nyingi za bara. Mmisionari wa Kijerumani, Sigismund Koelle, aliketi na watu hao mmoja mmoja, akawauliza maneno na virai karibu 300, na mwaka 1854 akachapisha "Polyglotta Africana", yenye orodha za maneno za lugha na lahaja zipatazo 200. Walikuwamo pia watu wa upande wa bahari yetu, miongoni mwao Wamakua na Wayao. Koelle alifanya jambo ambalo waliomfuata wengi hawakulifanya: aliandika habari za watoa maneno wake, walitoka mji gani na walitekwaje. Kwa hiyo msomaji wa kitabu hicho hukutana na mtu kwanza, ndipo akutane na lugha. Nalisisitiza hili kwa kuwa baadaye jedwali lilibaki na mtu akaondolewa.

Wakati huo huo Mombasa, Ludwig Krapf, aliyefika mwaka 1844, alikuwa akijifunza Kiswahili kwa msaada wa wenyeji, akiwamo kadhi wa mji. Sarufi yake ilitoka mwaka 1850, pamoja na orodha ya maneno iliyokiweka Kiswahili sambamba na Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kigala. Aliyeyatazama maneno hayo safu kwa safu aliona mara moja kwamba lugha tano za mwanzo ni za ukoo mmoja na ya sita ni mgeni. Ukoo huo ulipewa jina na Mjerumani mwingine, Wilhelm Bleek, aliyefika Natal mwaka 1855 na baadaye akawa mkutubi wa Sir George Grey huko Cape Town. Katika kitabu chake cha sarufi linganishi cha mwaka 1862, Bleek alitumia neno "Bantu", yaani "watu". Shina -ntu lilikuwa mfano mzuri: "umuntu" kwa Wazulu, "omundu" kwa Waherero, "mũndũ" kwa Wagikuyu, "mutu" kwa Wagiriama, "mndru" kwa Wangazija, "mtu" kwetu. Mfumo wa ngeli ulithibitisha kilichoashiriwa na neno hilo.

Hata hivyo, katika jina lenyewe mtego ulikuwa umekwisha kutegwa. Familia ya lugha iliitwa kwa neno lenye maana ya watu, na haukupita muda mrefu kabla "Wabantu" hawajaanza kuandikwa kana kwamba ni kabila, au umbo la mwili, au tabia. Nasaba ya lugha ikawa nasaba ya damu.

Mtu aliyelipeleka kosa hilo mbali zaidi alikuwa mwanaisimu hodari. Carl Meinhof alichapisha mwaka 1899 uchunguzi wa sauti za lugha za Kibantu ambao hadi leo hauwezi kupuuzwa. Lakini mwaka 1912 alitoa kitabu juu ya lugha za "Wahamu", na humo akaziweka pamoja Kihausa, Kifulani, Kimaasai na Kinama. Lugha hizo hazishirikiani nasaba. Kilichoziunganisha machoni pake kilikuwa zaidi ya isimu: ufugaji wa ng'ombe, sura za watu, na imani kwamba chochote kilichoonekana bora barani Afrika lazima kililetwa na wageni wa rangi nyepesi kutoka kaskazini. Mwaka 1933 Meinhof alijiunga na chama cha Nazi.

Dhana ya Wahamu ilikuwa na historia nje ya isimu pia. John Hanning Speke aliieneza katika kitabu cha safari zake cha mwaka 1863, akidai kwamba watawala wa nchi za Maziwa Makuu ni wahamiaji waliotoka Ethiopia. Huko Rwanda dhana hiyo iliangukia juu ya Watutsi, ingawa Watutsi, Wahutu na Watwa wote husema Kinyarwanda, lugha ya Kibantu. Laiti ushahidi wa lugha ungeulizwa kwa uaminifu, ungesema kwamba watu hao wameishi na kusemezana kwa muda mrefu sana. Haukuulizwa. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji ulitoa vitambulisho vilivyoandika kundi la kila mtu, na mwaka 1992 mwanasiasa mmoja alisimama hadharani akisema Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 mito ya Rwanda ilibeba maiti. Sisemi kwamba wanaisimu waliua. Nasema kwamba jedwali lililoacha kujibu swali lake na kuanza kujibu jingine halikubaki maktabani.

Aliyeibomoa dhana hiyo ndani ya taaluma alikuwa Joseph Greenberg, Mmarekani. Katika makala alizoanza kuchapisha mwaka 1949, na katika kitabu chake cha mwaka 1963, aliweka sharti lililoonekana dogo: lugha ziainishwe kwa ushahidi wa lugha peke yake, bila kutazama rangi wala riziki ya wasemaji. Kwa sharti hilo alizigawa lugha za Afrika katika familia nne. Kimaasai kikaenda kwenye Kinailo-Sahara, Kihausa kwenye Kiafro-Asia, Kifulani kwenye familia ile ile iliyo na Kibantu. Kibantu chenyewe, chenye lugha zipatazo 500, kikaonekana kuwa kitawi cha mti mkubwa zaidi ambao chimbuko lake liko magharibi, na kitovu cha kusambaa kwake kikawekwa katika mpaka wa Nigeria na Kameruni. Malcolm Guthrie wa London alipinga, akakitafuta kitovu hicho kusini mwa msitu wa Kongo, lakini ushahidi uliofuata ulimuunga mkono Greenberg. Naye hakuwa mkamilifu. Familia yake ya nne, Kikhoisan, wataalamu wengi leo hawaikubali kuwa familia moja. Kihadza cha Tanzania, ambacho aliitia humo kwa ajili ya midoko yake, sasa huhesabiwa kuwa lugha isiyo na ndugu anayejulikana.

Turudi nyumbani. Katika kumbi zetu za ughaibuni, iwe Muscat, Dubai, London au Toronto, hakuna mjadala unaowasha damu upesi kama huu: Kiswahili ni Kibantu au ni Kiarabu, au ni mchanganyiko? Kwa kipimo cha nasaba, jibu lina zaidi ya karne moja na nusu na halijatikiswa: ni Kibantu. Ngeli, viambishi vya kitenzi na mabadiliko ya sauti yote yanasema hivyo. Maneno ya Kiarabu ni mengi na yamezama, lakini maneno huazimwa. Kiingereza kimejaa Kifaransa na Kilatini, na bado ni lugha ya Kijerumaniki. Tena mikopo yetu huacha alama za tarehe yake. Tunahesabu moja hadi tano kwa maneno ya Kibantu, kisha sita, saba na tisa kwa ya Kiarabu. Lakini wahenga walikuwa na "tandatu" na "kenda", na "fungate" ya maharusi ni kumbukumbu ya saba iliyosahauliwa. Nyumba ilikuwa imekwisha kujengwa. Wageni walileta samani.

Hata hivyo, nimegundua kwamba jibu hili, hata likitolewa kwa ushahidi wote, halimalizi ugomvi, na sasa naamini najua sababu. Anayeuliza huwa haulizi habari za lugha. Mzee wa Muscat aliyezaliwa Unguja, ambaye babu zake walitoka Oman na ambaye aliondoka baada ya mapinduzi ya 1964, akisikia "Kiswahili ni Kibantu" husikia kwamba anapokonywa lugha aliyolelewa nayo. Kijana wa Mombasa akisikia "Kiswahili ni mchanganyiko" husikia kwamba wahenga wake hawakuunda kitu wenyewe. Wote wawili wameuchukua mti wa lugha kuwa mti wa ukoo. Lakini mzee yule ana haki kamili ya Kiswahili, na lugha yake ni ya Kibantu, na nasaba yake ni ya Kiarabu. Hakuna hata moja kati ya kauli hizo inayoifuta nyingine. Mtu hurithi lugha kwa aliyemnyamazisha akilia, na si lazima awe wa damu yake.

Ndugu wa karibu wa Kiswahili nao walichelewa kutambuliwa. Guthrie, katika uainishaji wake wa mwaka 1948, alizigawa nchi za Kibantu katika kanda zenye herufi. Kiswahili kikapewa G42, katika kanda moja na Kigogo na Kizaramo. Kipokomo na lugha za Mijikenda zikatupwa kwenye kanda E, pamoja na Kigikuyu na Kichaga. Namba hizo ni za manufaa na bado tunazitumia, lakini ziliweka ukuta kati ya Mswahili na jirani wa mlango wa pili. Ukuta huo ulivunjwa na Derek Nurse na Thomas Hinnebusch katika kitabu chao kikubwa cha mwaka 1993. Kwa ulinganisho wa sauti na sarufi walionyesha kwamba Kiswahili, Kingazija na wenzake wa Komoro, lugha za Mijikenda, Kipokomo na Kielwana ni tawi moja, nao wakaliita Sabaki, kwa jina la mto wa Kenya. Kwa Mswahili wa Mombasa aliyefunzwa kumwona Mgiriama kuwa mtu wa bara, hii si habari ndogo.

Nasaba, basi, inaweza kutuambia kwamba Chimwiini na Kiunguja ni watoto wa mama mmoja. Haiwezi kutuambia kama ni lugha mbili au moja. Mstari huo haumo katika mti. Huchorwa na watu, kwa sababu zao. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikaujenga usanifu huo kwa ajili ya shule na vitabu vya makoloni manne. Swali lao lilikuwa la uchapaji na mitihani. Kitabu cha rejea cha "Ethnologue" kilianza mwaka 1951 kikiwa na kurasa chache na lugha 46, na swali lake lilikuwa la wamisionari: ni jamii zipi zinahitaji Biblia yao? Leo kitabu hicho huorodhesha lugha zaidi ya 7,000, na shirika lililokianzisha ndilo linalosimamia alama za kimataifa za ISO 639-3, zilizotolewa mwaka 2007. Humo Kiswahili kina alama ya jumla, kisha moja ya Kiswahili cha kawaida na moja ya Kiswahili cha Kongo. Komoro ina alama nne, moja kwa kila kisiwa. Kimwani cha kaskazini mwa Msumbiji kina yake. Chimwiini hakikupewa.

Sidhani kuwa kuna aliyekusudia ubaya. Visiwa vya Komoro vina bahari kati yao na vina dola. Kimwani kiko upande wa pili wa mpaka wa Kireno. Barawa ni mji mmoja. Lakini alama ya herufi tatu leo ndiyo inayoamua lugha gani iwemo katika orodha ya ofisi ya ukalimani, katika kibodi ya simu, katika fomu ya shule anayojaza mzazi mgeni. Wabarawa walitawanywa na vita vya 1991, wakapita Mombasa, wakafika London, Atlanta na Columbus wakiwa na lugha inayotofautisha irabu fupi na ndefu, inayounda hali timilifu kwa -ile kama washairi wetu wa kale, na yenye ushairi wa dini wa Dada Masiti na wenzake. Kamusi yao ipo: Charles Kisseberth na Mohammad Imam Abasheikh, mwana wa Barawa mwenyewe, waliichapisha mwaka 2004. Mashairi yao yapo: mkusanyo mkubwa ulitoka Leiden mwaka 2018. Wanazo kazi za kitaaluma ambazo lahaja nyingi zenye alama hazina. Kinachokosekana ni mstari katika fomu.

Kuna watakaosema kwamba kukipa Chimwiini alama ni kuukata Uswahili vipande, na kwamba wachache kama sisi ugenini tunahitaji umoja. Naielewa hofu hiyo, na siiongozi harakati yoyote. Lakini umoja wa tawi la Sabaki umeandikwa katika sauti zenyewe. Fomu haiwezi kuuongeza wala kuupunguza. Lugha yangu na lugha ya yule bibi zilikuwa na mama mmoja karne nyingi kabla ya ofisi yoyote kuzaliwa. Fomu ina kazi ndogo kuliko hiyo, nayo ni kuhakikisha kwamba mgonjwa anaeleweka.

Siku ile, kabla sijaondoka, nilimwomba bibi radhi. Akacheka, akasema kitu ambacho safari hii nilikielewa chote: kwamba mimi ni mwanawe, ila nimechelewa kurudi nyumbani. Ripoti niliyotakiwa kuiwasilisha kwa ofisi ilikuwa na kisanduku cha mwisho cha maelezo ya ziada, ambacho kwa kawaida nilikiacha wazi. Nikaandika humo kwamba lugha ya mgonjwa ni Chimwiini, na kwamba safari ijayo atafutwe mkalimani kutoka Barawa, si mimi.